Kudai fidia ya majeraha ya ajali nchini Uganda, hatua kwa hatua

Kuvunjika mguu peke yake hakukupi fidia. Anayedai kwa msingi wa uzembe lazima athibitishe mambo matatu: kwamba aliyemuumiza alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari juu yake, kwamba aliuvunja wajibu huo, na kwamba jeraha limetokana na kuvunjwa kwake. Barabarani jambo la kwanza halina ubishi, kwa kuwa kila dereva anawajibika kwa wenzake na kwa watembea kwa miguu. Vita iko kwenye la pili. Mara nyingine iko kwenye la tatu, pale wakili wa upande wa pili anapodai kwamba mgongo wako ulikuwa mbovu tangu zamani.

Kipimo cha ushahidi ni mizania ya uwezekano, yaani hakimu aone kuwa maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako, hata kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana dereva anaweza kuachiwa katika kesi ya jinai, ambako mashtaka huthibitishwa bila kuacha shaka ya maana, na bado akashindwa katika kesi yako ya madai.

Hatua ya 1: Andika tarehe ya mwisho kabla ya jambo lingine lolote

Madai mengi mazuri hufa kwa kuchelewa, na mahakama haina huruma na jambo hili. Muda ni huu:

- Majeraha ya mwili yaliyotokana na uzembe wa mtu binafsi au kampuni: miaka 3 tangu siku ya ajali. Watu hudanganywa na ile miaka 6 ya madai mengine ya madhara. Majeraha ya mwili yamepunguziwa.
- Serikali kuu, serikali ya wilaya au mji, na mashirika ya umma yaliyoorodheshwa katika sheria: miaka 2.
- Familia inayodai kwa sababu ndugu yao amefariki kwenye ajali: miezi 12 tangu siku ya kifo.

Kesi ya jinai ya trafiki haisimamishi muda huo. Mazungumzo na bima hayausimamishi, wala ahadi ya mwenye gari kwamba "tutamalizana mwezi ujao". Kwa mtoto, na kwa aliyepoteza akili, sheria huweza kuongeza muda kwa masharti yake. Lakini sababu hiyo ya kuchelewa lazima iandikwe ndani ya hati ya madai yenyewe, yaani karatasi inayofungua kesi. Usipoiandika, hati itakataliwa hata kama sababu ni ya kweli. Na hakuna haja ya kumsubiri mtoto akue: mzazi au mlezi anaweza kufungua kesi leo kwa niaba yake, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka.

Miezi 12 ya kifo ndiyo inayoumiza familia zaidi. Ili kudai kwa niaba ya mirathi ya marehemu mnahitaji barua za usimamizi wa mirathi, na njia yake ni ndefu: cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya usajili na vitambulisho), barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kikao cha ukoo, cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha ombi mahakamani na tangazo. Anzeni mara matanga yanapokwisha. Ukoo unaogombania nani awe msimamizi kwa miezi kumi hujikuta na miwili tu ya kutafuta wakili, ripoti na mashahidi.

Hatua ya 2: Polisi

Ajali iripotiwe kituo kilicho karibu na mahali ilipotokea, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Ukiwa hospitalini, mtume ndugu. Usiondoke bila kunakili namba mbili: ile ya kitabu cha matukio cha kituo (SD) na ile ya rejista ya ajali za barabarani (TAR). Bila namba hizo, miezi sita baadaye utaambiwa faili halionekani.

Omba Fomu ya Polisi namba 3, inayojulikana kama PF3. Hutolewa bure. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake, na nakala inabaki kwako. Pigia kila ukurasa picha kwa simu kabla ya kuirudisha, kwa sababu fomu hii hupotea mno ikiwa njiani kati ya hospitali na kituo.

Sasa suala la lugha. Kituoni utahojiwa kwa Kiswahili bila shida, maana ni lugha ya kazi ya polisi wetu, lakini maelezo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Dai usomewe tena, sentensi kwa sentensi, kabla ya kutia sahihi. Tofauti kati ya "nilikuwa navuka" na "nilikimbia kuvuka" inaweza kukugharimu nusu ya fidia. Mahakamani pia shughuli huendeshwa kwa Kiingereza, ila shahidi ana haki ya mkalimani. Kama unafikiri kwa Kiswahili, omba mkalimani. Usijitie ushujaa.

Gari lililosababisha ajali hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, na ripoti yake husema kama breki, taa na usukani vilikuwa vizima kabla ya ajali. Gari likishakaguliwa huweza kurudishwa kwa mwenyewe mapema sana. Kwa hiyo usingoje: siku ya kwanza au ya pili piga picha za gari lenyewe, namba yake na stika ya bima iliyoko kwenye kioo cha mbele. Baadaye, kwa barua, omba ripoti ya ajali pamoja na mchoro wa eneo.

Hatua ya 3: Hospitali na karatasi zake

Fika kwa daktari ndani ya saa 24, hata kama unajisikia vizuri. Pengo la wiki mbili kati ya ajali na matibabu ya kwanza ndilo jambo la kwanza wakili wa bima atakaloliuliza. Mweleze daktari maumivu yote, si lile kubwa tu. Goti ambalo halikuandikwa siku ya kwanza ni shida kulidai mwaka ujao.

Hifadhi picha za eksirei zenyewe na siyo ripoti pekee, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wodini, kila karatasi ya dawa na kila risiti. Ukinunua dawa kwenye duka la nje, risiti iwe na jina lako, tarehe na mhuri. Wengi wetu tukivunjika mfupa tunakwenda pia kwa fundi wa mifupa wa kienyeji. Hakuna kosa, lakini mwombe aandike alipokea shilingi ngapi na lini, kisha atie sahihi. Bila karatasi, mahakama itaichukulia pesa hiyo kama haikutoka.

Jeraha likishatulia, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa, mtafute daktari bingwa aandike ripoti ya mwisho inayotaja kiwango cha ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Akiandika mapema mno, bima itasema mgonjwa alikuwa bado anapona. Ripoti inayosema "ameumia vibaya" haimsaidii hakimu. Ieleze mfupa upi, umeunga vipi, mguu umepungua sentimita ngapi, kazi gani huwezi tena na upasuaji gani bado unakusubiri.

Hatua ya 4: Ushahidi wa nani alikosea

Hapa ndipo kesi inashindwa au kushinda, na ushahidi huanza kuyeyuka usiku wa kwanza. Alama za matairi hufutika na mvua ya jioni moja. Kamera za maduka na vituo vya mafuta hujirekodi upya juu ya picha za zamani, nyingine baada ya siku chache tu, kwa hiyo mtu wako aende kesho yake kuomba nakala, na baadaye wakili aiandikie barua ya kuihifadhi. Mashahidi wa kweli mara nyingi ni wenye boda wa steji iliyo karibu na muuza chapati wa pembeni. Chukua majina na namba za simu mbili mbili, maana laini hubadilishwa.

Piga picha ukiwa umesimama anapokaa dereva na anapokaa mtembea kwa miguu. Pima kwa hatua umbali kutoka kivuko, kona au kibao. Andika ilikuwa saa ngapi, mwanga ulikuwaje, kama barabara ilikuwa mbichi, na gari lilisimama mita ngapi kutoka ulipoangukia. Dereva anayesema alikuwa akienda polepole huku mtu akirushwa mbali na gari likasimama mbali zaidi, hujibiwa na mita hizo.

Zipo ajali zinazojieleza zenyewe: lori lililoegeshwa mlimani likateremka peke yake, au mzigo uliofungwa vibaya ukamwangukia mpita njia. Hapo mahakama huweza kudhani uzembe ulikuwepo, na mdaiwa ndiye atoe maelezo. Kanuni hiyo lazima itajwe katika hati ya madai. Ukiisahau usitegemee hakimu akukumbushie.

Jiulize pia kosa lako mwenyewe, kwa sababu mwenzako ataliuliza. Katika majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Maryland, aliyechangia kosa hata kidogo hukosa fidia yote. Sheria yetu haiko hivyo. Hakimu hugawa lawama na kupunguza fidia kulingana na sehemu yako: ukiwa umepanda boda bila helmeti ukaumia kichwa, au mlikuwa abiria watatu, tarajia kukatwa. Fidia ya milioni 20 ikikatwa asilimia 30 inabaki milioni 14. Lakini helmeti haihusiani na mguu uliovunjika. Wakili wa bima akijaribu kuichanganya, mkatalie.

Hatua ya 5: Mshtaki aliye sahihi

Dereva ndiye aliyekosea, lakini mara nyingi hana kitu. Mwenye gari huwajibika ikiwa dereva alikuwa mwajiriwa wake au alitumwa naye, na alikuwa kwenye shughuli hiyo. Jina la kwenye logibuku (kitabu cha usajili wa gari) ni dalili ya umiliki, siyo mwisho wa hadithi. Magari huuzwa mara tatu bila kubadilishwa jina, na boda iliyochukuliwa kwa mkopo huweza kubaki kwa jina la kampuni ya mkopo ambayo haikumtuma dereva popote. Fanya upekuzi wa usajili, kisha uliza nani alikuwa akipokea hesabu ya jioni. Huyo ndiye unayemtafuta. Pale usipokuwa na hakika, washtaki wote wawili.

Jina la kampuni lithibitishwe URSB, ofisi ya usajili wa makampuni, herufi kwa herufi. Maandishi yaliyo ubavuni mwa basi mara nyingi ni jina la biashara tu, na kesi dhidi ya mtu asiyekuwepo kisheria ni batili. Huwezi kuiponya kwa marekebisho, na ukigundua baada ya miaka 3 umekwisha.

Gari la polisi, la jeshi au la wizara: mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wilaya na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) hushtakiwa kwa majina yao. Hospitali ya serikali kwa kawaida si mtu kisheria, kwa hiyo tafuta aliye juu yake.

Ukiumia kazini, njia ni nyingine

Mfanyakazi aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha uzembe wa bosi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamfanya mwajiri alipe hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea, mradi jeraha lilitokana na kazi na hakujiumiza kwa makusudi. Safari ya moja kwa moja kwenda au kutoka kazini imo. Mpe mwajiri taarifa ya maandishi mara moja, usiache mwezi upite, na nakala mpelekee afisa kazi wa wilaya. Kifo au ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mishahara ya miezi 60, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia yake. Mkigombania asilimia, ipo bodi ya madaktari ya kuamua.

Ikiwa mwajiri alizembea kweli, tuseme alikupandisha jukwaa la ujenzi bila mkanda wa usalama, bado unaweza kumshtaki kwa uzembe upate zaidi, lakini ulicholipwa tayari kitatolewa. Ushauri wetu: chukua kwanza kile cha sheria hii, maana hupatikana haraka na bila ubishi wa lawama.

Hatua ya 6: Bima na barua ya madai

Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya third party, ile inayomlipa mtu wa nje aliyeumizwa na gari. Ni haki yako kuiomba, ila ijue kimo chake: sheria ya 1989 iliweka ukomo wa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima. Kwa jeraha kubwa pesa hiyo ni chai tu. Ulizia kama mwenye gari ana bima kubwa zaidi, na iandikie kampuni ya bima mapema kuhusu madai yako, ukiambatanisha nakala za PF3, ripoti ya polisi, kitambulisho na risiti. Ikikuzungusha, IRA, msimamizi wa kampuni za bima, ina ofisi ya malalamiko. Lori la kutoka nje lililokugonga Malaba au Busia huenda lina kadi ya manjano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka. Ipige picha kabla halijavuka mpaka, kwa sababu likishaondoka kazi ni kubwa.

Jihadhari na karatasi. Jamaa za dereva watakuja hospitalini na laki tatu na karatasi inayosema "sitadai tena". Pesa ya matibabu pokea, lakini andika wewe: "nimepokea shilingi kadhaa kama sehemu ya gharama za matibabu, bila kuathiri madai yangu mengine". Ukitia sahihi kwamba umelipwa yote, kuifuta baadaye ni kibarua kigumu.

Halafu wakili aandike barua ya madai kwa mdaiwa: ajali, kosa, majeraha, kiasi na siku za kujibu, kwa kawaida 14. Usipoituma, na mdaiwa akalipa mara tu apatapo wito, unaweza kunyimwa gharama za wakili. Serikali hupewa notisi ya siku 45. Mahakama zimelegeza msimamo juu ya kesi zilizofunguliwa bila notisi hiyo, lakini itume tu. Inakugharimu karatasi na mhuri.

Hatua ya 7: Hesabu

Fidia ina vikapu viwili. Cha kwanza ni fidia mahususi: kile kilichokwisha kutoka mfukoni au kukosekana. Kila shilingi itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Cha pili ni fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, raha ya maisha iliyopotea na kipato cha baadaye. Hicho hukadiriwa na hakimu.

Mfano wa kipato: mwenye boda anayebaki na 30,000 kwa siku baada ya mafuta, siku 26 kwa mwezi, akikaa nyumbani miezi minne, amepoteza 30,000 × 26 × 4 = 3,120,000. Anathibitishaje? Daftari la SACCO, taarifa ya mobile money iliyochapwa na kampuni ya simu, rekodi za programu ya usafiri na mwenyekiti wa steji kama shahidi. Akisema 80,000 kwa siku bila karatasi, hakimu hatamwamini hata ile 30,000.

Nauli za kwenda kliniki na malipo ya aliyekutunza ziandike kwenye daftari siku hiyo hiyo, pamoja na jina na simu ya aliyelipwa.

Hatua ya 8: Wakili na mahakama

Hakikisha wakili ana leseni ya mwaka huu. Chama cha Mawakili kitakuthibitishia. Makubaliano ya "nitachukua asilimia tukishinda, tusiposhinda hunilipi" hayakubaliki kisheria kwa mawakili wa Uganda, ingawa utayasikia kila kona. Andikianeni ada halisi. Asiye na uwezo ajaribu Justice Centres Uganda au kliniki ya msaada wa sheria ya LDC (chuo cha mafunzo ya mawakili), na akina mama FIDA-Uganda (chama cha wanasheria wanawake).

Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai hadi milioni 20, Hakimu Mkuu hadi milioni 50, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Fungua mahali ajali ilipotokea au mdaiwa anapoishi.

Hati ya madai iorodheshe uzembe wenyewe. "Dereva alizembea" haitoshi. Andika: alikwenda kasi kupita kiasi, hakupunguza mwendo kwenye kivuko, alihamia upande usio wake, aliendesha gari lenye breki mbovu. Kisichoandikwa hapo hakiwezi kuthibitishwa baadaye.

Kisha siku zinakukimbiza. Wito umfikie mdaiwa ndani ya siku 21 tangu utolewe. Ikishindikana, omba nyongeza ndani ya siku 15 zinazofuata, la sivyo kesi inaondolewa. Mdaiwa ana siku 15 za kujibu. Asipojibu unapata hukumu ya awali, lakini bado utaitwa kuthibitisha kiasi cha fidia, kwa hiyo usitupe risiti. Akijibu, una siku 28 tangu hati ya mwisho kuomba wito wa maelekezo, yaani kikao cha kupanga kesi itakavyoendeshwa. Kanuni hii ya mwaka 2019 imeua kesi nyingi kimyakimya, kwa hiyo muulize wakili wako tarehe hiyo kwa maandishi. Usuluhishi hufuata. Nenda na kiwango cha chini ulichokwisha kukiamua nyumbani, ripoti ya daktari mkononi, na usikitaje kiwango hicho wewe kwanza.

Hatua ya 9: Kukaza hukumu

Hukumu si pesa. Mdaiwa asipolipa, unaomba hati ya kukamata mali, na dalali wa mahakama hufanya kazi hiyo. Hapo ndipo orodha ya magari, viwanja na akaunti za mdaiwa inapofaa, maana dalali hakamati asichoonyeshwa. Dhidi ya Serikali hakuna kukamata mali: unachukua cheti cha amri ya mahakama, unakiwasilisha kwa Mwanasheria Mkuu na unaingia kwenye foleni. Kifuatilie kwa barua, kila barua ukiitolea nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.